Mafuta ya Simsim, Vumbi la Juba na Kichwa cha Keji

Leo nimeaibika, ndugu zangu. Nimeaibika kanisani, mbele ya mchungaji, mbele ya shemeji yangu aliyetoka safari, na mbele ya kina mama wote wa mtaa wa Juba Na Bari. Naandika haya nikiwa katika duka la intaneti, jenereta ikinguruma nyuma ya kiti changu, na ukosi wa shati langu ungali mwekundu. Nawaandikia ninyi tuliosoma pamoja chuoni Kitale kwa sababu mnanifahamu. Mnajua kwamba nia yangu huwa njema. (Mnajua pia huwa inaishia wapi.)

Dada yangu Poni ana mtoto wa kike wa miezi mitatu, jina lake Keji. Mumewe, Lado, yuko masomoni Kampala, na aliondoka kabla mtoto hajazaliwa. Leo asubuhi Lado alikuwa anakuja kwa ndege kutoka Entebbe, na leo hiyo hiyo Keji alikuwa abatizwe katika kanisa la kina Lado. Maana yake ni kwamba baba angemwona mwanawe kwa mara ya kwanza na papo hapo wampeleke pamoja kwenye maji. Mimi nilibatizwa katika kambi ya wakimbizi, baba yangu akiwa vitani. Aliponiona kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari najua kusoma, na nilimwamkia kama mgeni. Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba siku ya leo niliichukulia kwa uzito.

Sasa, Keji ana magamba kichwani. Ni yale magamba ya manjano, yenye mafuta, ambayo watoto wachanga wengi huwa nayo. Yalikuwa yameshikana utosini kama ukoko wa uji uliosahauliwa sufuriani. Hayamuumi, hayamwashi, na mwenyewe hana habari nayo. Mwenye habari nayo ni Haboba Marta, mama yake Lado. (Haboba ndivyo tunavyomwita bibi hapa Juba.) Tangu siku alipoyaona amekuwa na neno moja tu: uchafu.

"Watoto wa Kenya," husema, akimaanisha dada yangu na mimi, "wamefundishwa kila kitu huko isipokuwa kumwogesha mtoto."

Huyasema kwa Kiarabu cha Juba, polepole, neno baada ya neno, ili sisi tuliokulia Kenya tusije tukakosa hata moja.

Poni humjibu kwa heshima, kisha hurudi nyumbani kwetu, mtaa wa Hai Malakal, na kulia. Alichoogopa ni kwamba Lado akifika neno hilo lingetua kwanza masikioni mwake, halafu afunue kitambaa na kuyaona magamba kwa macho. Alitaka mumewe aone kichwa safi. Alitaka hilo tu.

Asubuhi alimnyonyesha mtoto, akamfunga nepi mpya, akanikabidhi ili yeye aende uwanja wa ndege. Alinipa chupa ya mafuta ya simsim na kibrashi laini.

"Kaka, nisikilize. Mpake mafuta kidogo. Kidogo, umesikia? Subiri yalainike kama robo saa. Kisha mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni yake, ndipo umpitishie brashi taratibu. Usiyabandue kwa kucha. Halafu mlete kanisani."

"Nimeelewa."

"Rudia."

Nilirudia. (Mimi ni mwalimu. Watu hurudia ninayosema mimi. Lakini nilirudia.)

Alipoondoka, nilimlaza Keji juu ya mkeka na kuanza kazi. Hapa nakiri kosa la kwanza. Neno "kidogo" halijawahi kukaa vizuri moyoni mwangu. Niliwaza kwamba kama tone moja linalainisha, basi kumi yatalainisha zaidi, na kwamba mtoto huyu, baada ya yote ambayo watu wetu wamepitia, hastahili kupimiwa mafuta kwa matone. Nikamimina. Nikapaka. Nikamimina tena. Keji alinitazama kwa utulivu wa hakimu. Nilipomaliza, kichwa chake kiling'aa kama andazi linapotolewa karaini.

Kosa la pili lilibisha hodi. Alikuwa mama jirani, mwenye jerikeni tupu mkononi.

"Mwalimu, nina wageni na sina hata tone la maji. Mna maji?"

Nilikuwa na jerikeni moja. Ilikuwa ndiyo ya Keji. Lakini mnajua jinsi tulivyokuwa tukijadiliana usiku kucha chuoni, kwamba maji ni haki ya kila mtu, kwamba taifa hujengwa na jirani anayemnywesha jirani. Sikuwahi kupata nafasi nzuri kama ile ya kuyatenda hayo. Nilimpa jerikeni nzima. Nikamwambia wauzaji wa maji wa baiskeli hupita kila asubuhi, na nitapata nyingine sasa hivi.

"Mungu akubariki," akasema.

"Ni haki yako, mama," nikamjibu.

Akanitazama kidogo, kisha akaenda na maji yake.

Nilikaa mlangoni nikisubiri baiskeli. Robo saa ikapita. Nusu saa ikapita. Ndipo nikakumbuka kwamba leo ni Jumapili, na wauzaji wa maji ni Wakristo kama sisi. Wako kanisani. Wamevaa suti.

Nilirudi kwa jirani ili kuomba angalau kikombe kimoja. Maji yalikuwa yamekwisha kuwa chai. (Alinikaribisha. Nilikunywa. Ilikuwa chai nzuri, nami nilikunywa nikijua ninakunywa nini.)

Muda ulikuwa umekwenda. Nilimvisha Keji gauni lake jeupe na kofia nyeupe aliyoshonewa na mama yetu. Kabla sijafunga mlango, kofia ilikuwa imelowa mafuta hadi ikaonyesha magamba vizuri zaidi kuliko kichwa chenyewe. Nikaivua. Nikajiambia kwamba ngozi ya mtoto inahitaji hewa. Nikamfunika kwa kitambaa chepesi na kutoka kutafuta boda.

Nina msimamo kuhusu watoto wachanga na pikipiki. Niliwahi kuutolea hotuba mbele ya mkutano wa wazazi. Leo asubuhi niliuweka kando barabarani na kumpungia mkono Musoke, kijana Mganda ambaye hunibeba kila siku kwenda shuleni.

Musoke alifunua kitambaa, akamtazama Keji, akakirudisha.

"Mwalimu. Mtoto iko na mafuta mingi."

"Ni matibabu."

"Sawa. Lakini barabara iko na vumbi mingi. Na upepo iko."

"Endesha polepole tu."

"Mimi nitaenda polepole. Wale wengine hawatakwenda polepole."

Alisema kweli. Kwanza upepo ulichukua kitambaa. Nilikiona kikipaa kuelekea sokoni nami nikashindwa kukifuata, kwa sababu mkono mmoja ulimshika Keji na wa pili ulimshika Musoke. Kisha zikaja zile gari nyeupe za mashirika, tatu mfululizo, vioo vimefungwa, zikikimbia kana kwamba amani ingechacha wasipoiwahi. (Nimeomba kazi katika mawili ya mashirika hayo. Sijajibiwa.) Nilimgeuza mtoto, nikamkumbatia, nikamfunika uso kwa mkono wangu. Uso ulisalimika. Kichwa nilikiacha nje, maana mkono ni mmoja na mtoto ana pande nyingi.

Mnalijua vumbi la Juba wakati wa kiangazi. Ni jekundu, laini kama poda, na likikuta kitu kikavu hupita. Likikuta mafuta, hukaa.

Tulipofika kanisani, Musoke alizima pikipiki na kugeuka. Hakucheka mara moja. Aliuma mdomo kwanza.

"Mwalimu," akasema, "sasa mtoto imekuwa tofali."

Niliangalia. Kichwa cha mwana wa dada yangu kilikuwa chekundu kutoka kisogoni hadi kwenye nyusi, sawasawa, pasipo pengo, kama kilichopakwa na fundi. Keji mwenyewe alikuwa anatabasamu. Nilitoa leso na kupangusa. Vumbi likawa tope. Tope likashuka kwenye kipaji cha uso na kuingia kwenye lesi ya gauni.

"Usipanguse tena," Musoke akanishauri. "Unaongeza."

Haboba Marta alikuwa amesimama penye mlango wa kanisa, amejifunga vazi lake refu la tobe, la bluu, akisubiri mjukuu. Nilimwendea. Sikuwa na njia nyingine, mlango ni mmoja.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni Keji, Haboba. Mjukuu wako."

"Mjukuu wangu ni mweusi."

Kisha akasogea. Akainama, akagusa kile kichwa kwa kidole kimoja, akakisugua kidole chake taratibu na kukinusa. Nilijiandaa kusikia neno lile. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa nyingine kabisa, sijawahi kuisikia kwake.

"Mafuta na udongo mwekundu," akasema. "Mama yangu alinisimulia. Zamani, siku kubwa, watu wetu walipakwa hivi. Mimi sikupakwa, tulikuwa tumekimbia. Nani alikufundisha, mwanangu? Huko Kenya wanajua haya?"

Machoni mwake mlikuwa na machozi. Ndugu zangu, fikirini hali yangu. Dada yangu alikuwa ametafuta neno moja jema kutoka kwa mama huyu tangu siku ya harusi, na sasa neno lenyewe limekuja, limesimama mbele yangu, linasubiri niitikie kwa kichwa tu. Ningeitikia, Poni angekuwa salama. Lakini nilimwona mama huyu analitunukia lile tope heshima ya mama yake mzazi, nami nilijua ni la barabarani. Sikuweza.

"Haboba, nisamehe. Si mila. Nilimpaka mafuta ya simsim kwa ajili ya magamba, nikakosa maji ya kumwosha, na vumbi limetupata njiani."

Alikipangusa kidole chake kwenye tobe.

"Ungenyamaza tu," akasema. "Nilikuwa nimeshaanza kukupenda."

Wakati huo huo Poni na Lado walishuka kutoka garini. Lado alikuwa amevaa shati jeupe ambalo mikunjo yake ya dukani ilikuwa bado inaonekana. Alitembea haraka, mikono ikiwa mbele tayari. Poni alikuwa nyuma yake, anatabasamu, kisha akaniona, kisha akamwona mtoto, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

"Kaka. Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nimwoshe."

"Na ulimwoshea wapi, kwenye kiwanda cha matofali?"

Kabla sijajitetea, Lado alikuwa amekwisha kumchukua mtoto. Hakuuliza kitu. Alimweka kifuani, kile kichwa kikajipiga muhuri kwenye shati jipya, na akasimama vile akipumua kama mtu aliyepanda kilima. Nadhani rangi hakuiona.

Kisha kengele ikalia na wazazi wa watoto wa kubatizwa wakaitwa mbele. Nilimkimbilia mzee wa kanisa na kumwomba maji kidogo ya kumsafisha mtoto. Akaniambia tangi lilikauka tangu jana, maji yaliyopo ni yale ya beseni la ubatizo, na mtungi mmoja wa akiba usiofunguliwa ila beseni likiisha. Mchungaji akasikia. Akamtazama Keji, akatutazama sisi.

"Mleteni kama alivyo," akasema. "Ndivyo tunavyokuja wote."

Nilishukuru sana kwa maneno hayo. Ningeendelea kushukuru kama mambo yangeishia hapo.

Alimwagia mara ya kwanza, kwa jina la Baba. Maji yalipiga kichwa cha Keji yakakimbia kama yaliyofukuzwa. Mafuta hayakubali maji, ni jambo tunalofundisha darasa la nne. Mchungaji akakunja uso kidogo. Mara ya pili, kwa jina la Mwana, akateka maji mengi zaidi. Yalikuwa maji ya uvuguvugu, maana paa la mabati lilikuwa limeyapasha tangu asubuhi. Tope likaanza kushuka kwenye beseni, jekundu kabisa. Mara ya tatu, kwa jina la Roho Mtakatifu, mchungaji, ambaye ni mtu wa kufanya kazi hadi iishe, akamimina na kusugua kwa kiganja.

Na magamba yakatoka.

Yalikuwa yamelowa kwenye mafuta tangu asubuhi, sasa yakapata maji ya joto na mkono mzito wa mtumishi wa Mungu. Yalitoka kama ganda la yai lililochemshwa. Mchungaji alisimamisha mkono hewani. Kiganja chake kilikuwa kimejaa vipande vya manjano. Alivitazama. Kanisa zima lilivitazama. Mama aliyefuata kwenye mstari, mwenye mtoto wake mnene mikononi, alirudi nyuma hatua, akamgeuza mtoto asielekee beseni.

Nikasikia wanawake wa benchi la pili wakinong'onezana lile neno la Haboba. Uchafu. Poni aliinamisha kichwa. Hapo miguu yangu ikasimama bila kuniuliza.

"Si uchafu," nikasema. Kwa sauti ya darasani, ile inayofika benchi la nyuma. "Mchungaji, ndugu waumini, hayo ni magamba ya kawaida ya watoto wachanga. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta kupita kiasi, mafuta hushikana na ngozi iliyokufa. Hayaambukizi. Hayatokani na mama kutomwosha mtoto. Huondoka yenyewe baada ya muda, na anayetaka kuyasaidia yaondoke hupaka mafuta kidogo, husubiri, huosha, hupitisha brashi laini. Dada yangu alifanya yote ipasavyo. Aliyekosea ni mimi, nilimwaga mafuta mengi na sikumwosha. Kuna swali?"

Ndugu zangu. Nilisema "kuna swali". Ndani ya ubatizo. Mchungaji akiwa ameshika magamba.

"Mwalimu," mchungaji akasema taratibu, "asante kwa somo. Hakuna swali. Keti."

Kicheko kilianzia kwaya. Kilipita benchi hadi benchi, kikatoka nje hadi kwa Musoke, ambaye nilimwona dirishani amejishika tumbo. Mama yule wa mstarini akatamka wazi kwamba mwanawe habatizwi kwa maji yale. Mzee wa kanisa akalazimika kubeba beseni nje, kulimwaga, kulisuuza na kuufungua ule mtungi wa akiba. Tuliimba utenzi mzima, beti zote, zikaisha, tukarudia ubeti wa kwanza. Wakati wote huo watu walikuwa wananitazama huku wakiimba kuhusu rehema.

Lakini niliangalia pia mbele. Poni alikuwa amechukua taulo na anamkausha mtoto, na chini ya taulo kilikuwa kinatokea kichwa cha Keji. Cheusi, laini, chenye vinywele vidogo vilivyojikunja. Gamba moja tu lilibaki nyuma ya sikio. Lado alikuwa anakitazama kama mtu anayesoma barua. Alikigusa kwa ncha ya kidole, akamwambia Poni kitu ambacho sikukisikia, na Poni akacheka, machozi yakimtoka, kicheko ambacho sijakisikia tangu Lado aondoke.

Haboba Marta alisogea karibu nami kwenye benchi.

"Kwa hiyo si uchafu."

"Si uchafu, Haboba."

"Na si kosa la mama."

"Si kosa la mama."

Akamtazama Lado kule mbele.

"Lado alikuwa nayo," akasema. "Mengi kuliko haya. Mama mkwe wangu alinisema mpaka nikahama nyumba kwa wiki nzima." Akainuka, akaenda mbele, machoni pa watu wote, akamchukua Keji kutoka mikononi mwa Poni, na mkono wa pili akauweka begani mwa dada yangu. "Malesh, binti yangu," akamwambia. Malesh ni pole, ni samahani, ni yote kwa pamoja. Alisema kwa sauti, na benchi la pili likasikia.

Nina mengi ya kushukuru jioni hii. Namshukuru mchungaji kwa kiganja chake. Namshukuru Musoke, ambaye alikataa nauli akisema kwamba amekwisha kulipwa. Namshukuru Mungu kwamba Lado amemwona mwanawe akiwa na miezi mitatu, na hakuhitaji kuambiwa na mtu yeyote kwamba yule ni wake. Tumekula pamoja nyumbani kwa Haboba, sahani moja kubwa, na Haboba alinisukumia nyama mara mbili, ingawa alinikataza kugusa kitu chochote chenye mafuta nikiwa karibu na mtoto.

Sasa nawasihi, kwa urafiki wetu wa miaka yote, asiwepo atakayecheka. Shemeji amekwisha kunicheka kwa niaba yenu nyote, tangu kanisani hadi mezani, na nilipotoka kuja kuwaandikia alikuwa bado hajamaliza.